Wainjili Wanne wa Saruji

Siku Mungu alipomuumba simba, alifanya haraka!

Hayo si maneno yangu. Ni maneno ya Ekow Arkorful, fundi saruji wa mji wa pwani wa Dwirakrom, aliyoyatamka mbele ya kamati nzima ya ujenzi wa kanisa, kakunja nne, kofia kichwani.

"Mtazameni simba vizuri," alisema. "Mbele mnene, nyuma mwembamba kama suruali ya kuazima. Hakuna uwiano! Mimi nikimtengeneza, atakaa sawasawa."

"Umewahi kumwona simba, Ekow?" aliuliza Padri Quayson.

"Padri, mimi ndiye unayeniuliza habari za simba?"

"Ndiyo. Wewe ndiye ninayekuuliza."

"Haya!" alisema Ekow, akacheka kwa huruma na kutikisa kichwa, na kila mtu akatoka pale akiamini kwamba jibu limeshatolewa.

Ukweli ni kwamba Ekow alimwona simba kwenye kiberiti. Tena kiberiti kilikuwa kimelowa.

Huyu Ekow alijiita Mkono wa Malaika. Alikuwa ameliandika jina hilo kwa rangi nyekundu ubavuni mwa toroli lake, ili saruji nayo ijue inabebwa na nani. Kazi zake nyingi zilikuwa makaburi, na sifa kubwa ya wateja wa makaburi ni kwamba hawarudi kulalamika. Kazi yake moja tu ilikuwa mbele ya macho ya walio hai: samaki mkubwa wa saruji langoni mwa soko. Wageni wakimwona yule samaki walikuwa wakiuliza fundi viatu kaenda wapi.

Sasa kanisa jipya lilikuwa limekamilika, jeupe, limekaa juu ya kilima katikati ya mji, na juu ya mlango wake mkuu kulikuwa na vishubaka vinne vitupu. Padri Quayson alitaka ndani yake wakae Wainjili wanne, kila mmoja kwa alama yake ya tangu enzi: Mathayo ni mtu, Marko simba, Luka ng'ombe na Yohane tai. Wote wana mabawa.

"Nitafanya bure," alisema Ekow. "Kwa utukufu wa Mungu."

Neno *bure* liliifunga midomo ya kamati kuliko sala ya kimya. Padri peke yake ndiye aliyebaki anajikuna shingo. Alimpa Ekow picha nzuri ya Wainjili wote wanne, iliyochapwa kwa rangi. Ekow aliirudisha palepale.

"Picha ni za wanafunzi, Padri."

* * *

Lakini palikuwa na jambo zito zaidi ya saruji.

Dwirakrom ina kampuni mbili. Si kampuni za kuuza sabuni! Ni majeshi ya zamani ya mji, na kila mtoto huzaliwa katika kampuni ya baba yake na huzikwa nayo. Vita vya zamani vimekwisha. Siku hizi kampuni hupiga ngoma, huzika watu wake na kucheza na bendera. Lakini nembo! Nembo ya kampuni usiiguse. Nembo ya Kampuni ya Kwanza ni simba. Nembo ya Kampuni ya Pili ni tai. Mwaka mmoja Kampuni ya Kwanza ilishona bendera mpya yenye simba mwenye manyoya mawili matatu ya ndege mdomoni. Hakusema kitu yule simba. Manyoya tu! Kufika jioni zahanati ilikuwa imeishiwa bandeji.

Kwa hiyo Padri Quayson alikwenda kwa Supi Tandoh, mkuu wa Kampuni ya Kwanza, akaenda na kwa Supi Eshun, mkuu wa Kampuni ya Pili, na kila mahali alikunywa alichopewa. Makubaliano yakapatikana. Simba na tai watakuwa na ukubwa mmoja, kimo kimoja, na hakuna atakayemtazama mwenzake. Watatazama mbele, kama watu wanaopigwa picha ya kitambulisho.

Padri alirudi nyumbani akalala usingizi wa mtoto. Supi Tandoh hakulala. Alimwita Ekow.

Ekow alikuta meza imeandaliwa. Dokono la moto, yaani ugali wa mahindi yaliyochachushwa, samaki wa kukaanga, na pilipili iliyosagwa ambayo ukiitazama tu unatokwa jasho.

"Kula, Mkono wa Malaika," alisema Supi Tandoh. "Kula kwanza."

Ekow alikula.

"Mimi na Padri tumekubaliana," alisema Supi. "Sitaki kuvunja neno langu. Lakini simba ni simba, au nakosea?"

"Hukosei, Supi."

"Kichwa cha simba hakiwezi kulingana na kichwa cha ndege."

"Supi!" Ekow aliweka mfupa chini, jambo ambalo hakulifanya kwa mtu yeyote. "Kichwa nitakachompa simba wako, yule tai akikiona atatamani arudi kwenye yai!"

Supi Tandoh akamwongezea samaki.

Kesho yake akaitwa upande wa pili. Supi Eshun alikuwa mtu mwembamba, mwenye sauti ya chini, na mkewe alijulikana mji mzima kwa supu ya mawese. Ekow alishusha mabakuli mawili kabla mazungumzo hayajaanza.

"Tai huruka," alisema Supi Eshun.

"Huruka hasa!"

"Na simba hutembea chini."

"Chini kabisa. Kwenye vumbi!"

"Sasa mimi sisemi kitu. Mimi nimekaa tu hapa nawaza. Anayeruka na anayetembea wanakuwaje kimo kimoja?"

Ekow alimsogelea, akapunguza sauti. "Supi, tai wako nitampandisha juu ya kiti cha enzi. Na kichwani nitamvika taji."

"Taji!"

"La kifalme. Simba atatazamwa kutoka juu kama mtu anavyomtazama panya jikoni."

Supi Eshun alimgeukia mkewe kwa macho tu, na bakuli la tatu likaja.

Basi ikawa hivyo. Jumatatu Ekow yuko kwa simba, Jumanne yuko kwa tai, na Jumatano anapumzika kwa sababu ya tumbo. Mkewe, Araba, mwanamke wa kukausha samaki, alikuwa akimtazama anavyozidi kunenepa wakati kazi haionekani.

"Ekow, umewaahidi nini wale watu?"

"Nimewapa matumaini, mke wangu. Msanii huwapa watu matumaini."

"Umempa kila mmoja ushindi. Na kanisa lina mlango mmoja."

"Wewe kausha samaki," alisema Ekow. "Mambo ya uwiano niachie mimi."

* * *

Alifanyia kazi nyuma ya kanisa, ndani ya ua wa makuti, na hakuruhusu jicho la mtu kupenya. Padri Quayson alijaribu siku moja kuchungulia. Ekow akasimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Padri, wewe ukiwa altareni kwenye mageuzo, mimi huja kuchungulia ndani ya kalisi?"

"Ekow, chunga ulimi wako."

"Nauliza tu."

Ndani ya ua, mambo yalikuwa magumu. Kwa kuwa picha ni za wanafunzi, Ekow alihitaji simba wa kumwangalia. Dwirakrom haina simba. Ina kondoo. Na kwa jirani palikuwa na kondoo dume mwenye manyoya marefu shingoni, manyoya ya fahari kabisa, hadi kifuani. Ekow alimzunguka, akamwangalia kwa jicho moja, akasema, "Tofauti ni hasira tu. Hasira nitaiongeza mwenyewe."

Kichwa kikatoka kikubwa, kama alivyoahidi. Kikubwa mno! Kikagoma kuingia kwenye kishubaka. Ekow akachukua patasi akapunguza pua, akapunguza taya, akapunguza meno yote, na ile hasira ilikuwa kwenye meno.

Tai akapandishwa kwenye kiti cha enzi. Lakini juu ya kiti hakukubaki nafasi ya mabawa, ikabidi yakunjwe, na mkia ukainuliwa juu ili upite. Taji likawekwa kichwani. Taji jekundu, lenye meno meno.

Ng'ombe alikuwa anaendelea vizuri mpaka siku ya kumtoa kwenye kalibu, pembe zilipobaki ndani. Ekow alizitazama zile pembe kama mtu anayetazama basi linaloondoka na mizigo yake. Kisha akachanganya saruji kidogo akarefusha masikio.

"Ng'ombe bila pembe bado ni ng'ombe," alijiambia. "Wako wengi tu."

Alipofika kwa Mathayo, yule mtu, hakuhitaji kuangalia kitu chochote isipokuwa kioo.

* * *

Jumapili ya kutabaruku kanisa, mji mzima ulipanda kilima. Kampuni ya Kwanza ilisimama kulia na bendera zake na ngoma zake. Kampuni ya Pili kushoto, na zake. Katikati waliachia njia nyembamba ya Baba Askofu, mzee mnene mwenye sauti ya upole, aliyezaliwa pwani hiyohiyo katika mji wa kampuni saba.

Juu ya mlango lilining'inia shuka jeupe. Kamba ya shuka aliishika Ekow mwenyewe, amejitanda kitambaa kipya begani, anang'aa mafuta hadi visiginoni.

"Watu wa Dwirakrom!" alisema. "Wenye ugonjwa wa moyo wakae chini!"

Akavuta.

Shuka likaanguka. Mtoto mmoja akalia. Bibi mmoja akasema, "Yesu wangu!" na haikuwa sala.

Wa kwanza kucheka alikuwa Supi Eshun. Alianza taratibu, mabegani, kisha kikohozi, kisha akashindwa kabisa.

"Kampuni ya Kwanza, hongereni!" alipaza sauti. "Kondoo wenu mzuri! Ana huzuni kidogo, lakini mzuri!"

Upande wa kushoto wakaangua kicheko. Supi Tandoh akabadilika rangi.

"Nyie mnacheka nini? Mmemwona tai wenu? Huyo ni tai? Labda tai ya kuvaa shingoni! Huyo ni jogoo! Tena jogoo wa kufugwa!"

"Rudia!"

"Jogoo! Nasikia harufu ya mchuzi hapa nilipo!"

Kicheko kikakatika upande wa kushoto kikaanza upande wa kulia, kisha kikakatika kote. Ngoma ya Kampuni ya Kwanza ikabadilisha mdundo. Ya Kampuni ya Pili ikaujibu. Wanawake walioujua ule mdundo wakaanza kuwakusanya watoto. Mtu wa zahanati akateremka kilima mbio kwenda kuhesabu bandeji.

Padri Quayson alijitupa katikati na mikono yake miwili. "Ndugu zangu! Mbele ya Baba Askofu!"

"Padri, kaa pembeni," alisema Supi Tandoh. "Nataka jibu la huyu." Akamnyoshea Ekow kidole. "Wewe uliyekula dokono langu! Sema mbele ya watu. Huyu aliye pale juu ndiye simba wa Kampuni ya Kwanza?"

"Alikula dokono lako?" alisema Supi Eshun polepole. "Mbona alikula na supu yangu?"

Sasa macho yote yakamgeukia Ekow. Yale mafuta mwilini yakachanganyika na jasho. Alitaka kusema ndiyo, kwa maana alimtengeneza simba, alimtaabikia simba, na mkono wake ulikuwa bado una malengelenge ya yule simba. Lakini akisema ndiyo, Kampuni ya Kwanza imetukanwa mbele ya Askofu na damu itamwagika mlangoni mwa kanisa ambalo halijamaliza hata saa moja tangu lifunguliwe. Akisema hapana, basi Mkono wa Malaika hajui hata kutengeneza simba. Mdomo ulifunguka, ukafumba, ukafunguka tena.

Ndipo Baba Askofu akavua miwani. Akaifuta kwa ncha ya joho, taratibu, bila haraka yoyote, akaivaa tena.

"Lakini wanangu," alisema kwa ule upole wake, "mnagombania simba gani? Mimi hapa sioni simba. Namwona Mwana-Kondoo wa Mungu, aondoaye dhambi za ulimwengu. Tazameni huzuni yake! Fundi, si ndivyo ulivyokusudia?"

Ekow alimtazama Askofu. Akamtazama Supi Tandoh, aliyekuwa ameshakunja ngumi.

"Ndivyo, Baba Askofu," alisema kwa sauti ndogo.

"Nilijua. Na huyu wa masikio marefu, bila shaka, ni punda aliyembeba Bwana wetu kuingia Yerusalemu."

Ekow alifumba macho. "Ni punda, Baba Askofu."

"Na huyu mwenye kishungi chekundu ni yule jogoo aliyewika uani, Petro akalia machozi. Kweli?"

"Jogoo," alisema Ekow. "Tangu mwanzo."

"Amekana mara tatu!" alipiga kelele mtu mmoja kutoka nyuma. "Jogoo, wika sasa!"

Wakacheka. Walicheka kulia, wakacheka kushoto, na vicheko vikakutana katikati vikawa kimoja, mpaka wapiga ngoma wakaacha vijiti kujifuta machozi. Supi Tandoh akafungua ngumi. Kama yule si simba, nani katukanwa? Supi Eshun akasema kwamba kwa kweli, ukimtazama kama jogoo, si mbaya. Padri Quayson alishusha pumzi aliyokuwa ameishika tangu siku ya kamati.

Na ingeishia hapo! Ekow angerudi nyumbani kwa njia ya nyuma, angelala siku mbili tatu, mji ungesahau. Lakini vishubaka vilikuwa vinne, na Askofu alikuwa mtu wa kumaliza kazi.

"Amebaki mmoja," alisema.

Wote wakatazama juu. Pale alisimama Mathayo. Kwake pia mabawa hayakuingia, kama kwa simba na ng'ombe, na Ekow alikuwa ameyakata. Kwa kuwa Padri aliwahi kumwambia kwamba Mathayo alikuwa mtoza ushuru, alimpa mfuko wa fedha mkononi. Na usoni, kwa ufundi ambao hakuupata popote pengine, aliweka mashavu yake mwenyewe, tabasamu lake mwenyewe, na pua yake mwenyewe, ile pana, bila kosa lolote. Kazi pekee katika maisha ya Ekow iliyofanana na kitu!

"Mfuko wa fedha," alisema Askofu kwa kufikiri. "Tabasamu la kuwapendeza wote. Uso wa mtu aliyekula kwenye meza zote mbili. Fundi, umefanya vema kutukumbusha. Huyu ni Yuda Iskariote."

Mji mzima ulimtazama Yuda. Kisha mji mzima ukamtazama Ekow. Kisha Yuda tena.

"Baba Askofu," alisema Ekow, "huyu kwa kweli ni..."

"Ni?"

Kama yule ni Mathayo, basi wale wengine ni Wainjili. Kama ni Wainjili, basi kondoo ni Marko, na Marko ni simba. Ekow aliisikia ile hesabu ikipita kichwani mwake kama toroli linaloteremka mlima bila mtu. Upande wa kulia, mpiga ngoma mmoja alikuwa bado ameshika vijiti.

Araba alikuwa amesimama mstari wa mbele. Alimtikisia mumewe kichwa kidogo tu.

"Ni Yuda," alisema Ekow.

Askofu akamwekea mkono begani, na wako wanaoapa kwamba alimkonyeza Padri. Kisha akachukua maji ya baraka akawanyunyizia wote wanne, pamoja na Ekow, ambaye hakuwa ameomba.

Jioni ile Kampuni ya Kwanza na Kampuni ya Pili zilikunywa chini ya paa moja, jambo ambalo wazee hawakumbuki kuliona. Walikuwa na la kuongea.

* * *

Ekow alijipa moyo. Alisema watu watazoea. Na walizoea kweli. Wanawake walianza kupeleka maua kwa Mwana-Kondoo Mwenye Huzuni, na kwa punda watu wa mizigo wakawa wanavua kofia. Ekow alianza hata kurudisha sauti yake. Alisikika sokoni akisema kwamba alimfikiria yule kondoo kwa muda mrefu.

Kisha ikaja Ijumaa Kuu.

Watoto wa katekisimu walikuwa wametoka kusomewa Mateso ya Bwana, yote, kuanzia busu la bustanini. Walitoka nje wamenuna. Wakainua macho juu ya mlango, na huyo hapo! Mfuko mkononi, anatabasamu! Hakuna aliyewatuma. Waliokota kokoto.

Habari zilimfikia Ekow anakunywa uji. Aliacha bakuli akapanda kilima kitambaa kikiburuzika nyuma, akasimama chini ya kishubaka amenyosha mikono.

"Acheni! Acheni nyie! Mnamwumiza!"

"Ni saruji, mzee."

"Hata saruji ina heshima yake!"

"Lakini ni Yuda!" alisema msichana mmoja kwa uchungu wa kweli. "Alimuuza Yesu! Kwani ni ndugu yako?"

Ekow alifungua mdomo. Kule dirishani Padri Quayson alikuwa amesimama, anatazama kwa makini makubwa. Njiani alikuwa anapita Supi Tandoh, na nyuma yake Supi Eshun, wakizungumza kama maswahiba. Wote wawili walisimama kusikiliza jibu.

Ekow akafunga mdomo.

Araba alifika na sinia la samaki kichwani, anatembea kwa mwendo wake uleule. Aliwatazama watoto. Akamtazama aliye juu, akamtazama aliye chini.

"Ekow," alisema, "ondoka hapo uwaachie nafasi. Wakimng'oa pua, angalau hamtafanana tena."

Kokoto likapita: ta! Pua ya Yuda ikaanguka, ikadunda kwenye ngazi, ikaja kutulia miguuni pa Mkono wa Malaika.

Ekow akajishika ya kwake.